Kazi ya Kuchonga Kiko cha Mti

Tangu zamani watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikuwa na jina la kila kiungo cha kiko. Chungu kidogo cha udongo kitiwacho tumbako na moto huitwa bori. Mwanzi unaoishika bori huitwa digali, na kile kijiti kiingiacho kinywani mwa mvutaji huitwa shilamu. Kati ya digali na shilamu palikuwa na kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na moshi ulipopita katika maji hayo ulitoa sauti iitwayo malio. Kifuu chenyewe ndicho kilichoitwa kiko hasa. Majina hayo ni mazuri, nayo yatatumika katika habari hii, ijapokuwa habari yenyewe ni ya kiko cha namna nyingine, kisicho na maji, ambacho bori yake na digali yake huchongwa katika kipande kimoja cha mti.

Kiko hicho ni kazi ya Ulaya. Tumbako ilifika huko kutoka Amerika katika karne ya 16, na kwa muda mrefu watu waliivuta kwa viko vya udongo mweupe uliochomwa. Bei yake ilikuwa ndogo, lakini vilivunjika upesi, na vilipopata moto viliunguza mkono. Matajiri walinunua viko vya jiwe jeupe jepesi lichimbwalo hasa Uturuki. Jiwe la namna hiyo lapatikana pia katika bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na katikati ya karne ya 20 viko vilivyotengenezwa Tanganyika kwa jiwe hilo viliuzwa ng'ambo vikiwa na chapa ya neno Kiko. Hivyo wako Wazungu waliojua neno moja la Kiswahili kwa kulisoma juu ya kiko chao. Lakini mtu aliyetaka kiko cha kutia mfukoni, kisichovunjika kikianguka, alihitaji kiko cha mti. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana mti huungua. Mtu akichimba shimo katika kipande cha mti wowote, akatia tumbako na kuiwasha, atavuta moshi wa tumbako pamoja na moshi wa mti, na baada ya siku si nyingi bori itakuwa imetoboka ubavuni.

Watu waliotatua shida hiyo walikaa katika mji mdogo wa Saint-Claude, ulio katika milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Mji huo ulianza kama nyumba ya watawa, ukapata jina lake kwa Mtakatifu Claude, askofu wa karne ya 7, ambaye mwili wake ulihifadhiwa hapo. Mahujaji walikuja kwa wingi kuliona kaburi lake, na kila hujaji alipenda kurudi kwao na kitu kidogo cha ukumbusho. Basi watu wa milima ile, ambao wakati wa baridi hawana kazi ya shamba kwa sababu ya theluji, wakajifunza kukereza miti, wakawauzia mahujaji rozari, sanamu na visanduku. Mwili wa mtakatifu uliteketezwa mwaka 1794, wakati wa fujo za mapinduzi ya Ufaransa, na mahujaji wakapungua. Lakini mikono iliyozoea kukereza haikusahau kazi. Viko vya mti vilikuwa vimekwisha kuanza kutengenezwa hapo, kwa miti ya kwao ya milimani, na vyote vilikuwa na kasoro ile ile ya kuungua. Katikati ya karne ya 19 uliletwa mti mwingine kutoka kusini, na kazi yao ikabadilika kabisa.

Mti huo wataalamu huuita Erica arborea. Wafaransa huuita bruyère, na Waingereza walilichukua jina hilo wakalitamka kwa namna yao, hata likawa briari. Ukiutazama si mti wa kusifiwa. Ni kichaka chenye majani membamba kama sindano na maua madogo meupe, kiotacho katika vilima vikavu vya kandokando ya Bahari ya Kati, kama vile Corsica, Sardinia, Calabria, Ugiriki, Hispania na Algeria. Shina lake ni jembamba, halifai kwa mbao wala kwa nguzo. Thamani yake yote imo chini ya udongo. Pale shina linapokutana na mizizi huota nundu kubwa ya mviringo, ngumu sana, ambayo ni ghala ya kichaka. Moto ukipita vilimani, matawi yote huteketea, lakini nundu hubaki hai ardhini, na mvua ikinyesha huchipua upya. Nyuzi za nundu hiyo zimesongamana kabisa, tena zimeanzia katikati zikaelekea nje pande zote kama miali ya jua. Mti wake hustahimili joto, hunywa unyevu wa moshi, wala hauna ladha mbaya ukisha kutayarishwa vema.

Huenda mwanafunzi wa nchi hizi akadhani kwamba mti huo hataupata kuuona ila vitabuni. Sivyo. Erica arborea huota pia katika milima mirefu ya Afrika, toka Uhabeshi hata Kilimanjaro, na apandaye Kilimanjaro, akisha kupita msitu mkubwa, huingia katika ukanda wa vichaka vya jamii hiyo vilivyofunikwa na ukungu na kuvu ndefu. Huko ni ndani ya hifadhi ya taifa, hapana ruhusa ya kukata hata tawi; na ni vizuri hivyo, kwa kuwa mioto imekwisha kuula ukanda huo sana, na vichaka hivyo hukusanya maji ya ukungu yanayoshuka kwa watu walio chini.

Katika nchi za Bahari ya Kati wachimbaji hutafuta nundu ambazo zimekua miaka 30 hata 60, au zaidi. Ikiwa changa ni ndogo mno, na ikiwa nzee huwa imeoza ndani. Nundu ikisha kung'olewa hufunikwa kwa udongo au magunia mabichi, na humwagiwa maji, maana ikiachwa juani siku moja tu hupasuka. Kisha hupelekwa kwa mkata nundu. Huyu ndiye fundi ambaye wavuta viko hawamjui, wala jina lake haliandikwi popote, naye ameshika sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Hukaa mbele ya msumeno wa mviringo uendao kasi, bila kipimo wala mchoro, akaigeuza nundu mikononi, na kwa jicho tu huamua pa kukata ili apate vipande vingi vizima na kuacha mawe, nyufa na sehemu zilizooza. Kosa dogo humharibia kipande, na kosa jingine humwondolea kidole.

Vipande hivyo huchemshwa katika masufuria makubwa ya shaba kwa muda wa saa 12 au zaidi. Maji hugeuka rangi ya damu ya mzee, kwa sababu ya utomvu na ule ukali ambao hukaza ulimi, kama aupatao mtu atafunaye ganda la mkoko. Ukali huo usipotolewa kiko kitakuwa kichungu daima. Baada ya kuchemshwa, vipande hupangwa kivulini mahali pasipo na upepo mwingi, vikauke polepole, miezi mingi hata miaka. Hapana njia ya mkato iliyo nzuri. Kipande kilichokaushwa kwa haraka chaonekana sawa na kingine, na ufa wake hujificha mpaka siku ya kuwashwa.

Mwanzo wa karne ya 20 maelfu ya watu wa Saint-Claude na vijiji vyake walipata riziki kwa viko. Baadaye watu wengi waliacha kiko wakashika sigara, na wengine wakaacha tumbako kabisa, hata leo karakana zilizobaki ni chache. Lakini jambo la kushangaza ni kwamba wakati viwanda vilipokuwa vikifungwa, watu wasio mafundi wa kazi hiyo walianza kuipenda. Katika Ulaya na Marekani wako makarani, waalimu na mafundi wa mitambo ambao jioni, kazi yao ya mshahara ikiisha, hukaa mezani na kipande cha briari na tupa, wakachonga kiko kimoja kwa majuma kadha. Wengine hawavuti kamwe. Huchonga kwa furaha ya kuona mti mbaya wa kichakani ukigeuka kuwa kitu cha kupendeza.

Na wasiovuta ndio wenye akili zaidi. Mwaka 1859, katika miaka ile ile ambayo viko vya briari vilianza kuenea, daktari Bouisson wa mji wa Montpellier, Ufaransa, aliwachunguza wagonjwa wake waliokuwa na saratani ya kinywa, akaona kwamba karibu wote walikuwa wavuta kiko. Uchunguzi wa baadaye umethibitisha jambo hilo pasipo shaka: moshi wa kiko huleta saratani ya midomo, ulimi na koo, hata kama mvutaji haumezi. Uzuri wa chombo hauubadili moshi upitao ndani yake. Lakini kazi ya mikono iliyomo katika chombo hicho ni elimu nyingine, na mwanafunzi hapotezi kitu kwa kuijua, kwa kuwa mpini wa kisu, mwiko na bakora hufanyiwa mambo yale yale ya tupa, msasa na nta.

Miongoni mwa watu walioifikisha kazi hii mbali alikuwamo Sixten Ivarsson, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1910 na kukaa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mpaka alipofariki mwaka 2001. Hakufundishwa kazi hii tangu utoto. Husimuliwa kwamba kiko chake mwenyewe kilivunjika, akakipeleka katika duka la viko la mjini, naye akakitengeneza kwa mkono wake kwa zana za hapo. Wenye duka walipoona kazi yake wakamtaka akae awatengenezee viko vya wateja. Kabla ya wakati wake, mafundi wa viwanda walitoboa kwanza matundu kwa mashine, kisha wakachonga nje kufuata matundu. Ivarsson aliigeuza desturi hiyo. Alitazama nyuzi za mti zinaelekea wapi, akachonga umbo la nje lifuatalo nyuzi hizo, ndipo akatoboa. Kwa kiwanda njia hiyo ni hasara, maana kila kiko huwa peke yake. Kwa mtu aliye na kipande kimoja na jioni nyingi, njia hiyo ni kazi yenyewe. Lakini yataka mkono usiotetemeka, na kwa hiyo wanaoanza hushauriwa watoboe kwanza kama watu wa zamani.

Basi mwanzilishi huchukua kipande chake, hukilowesha kwa maji kidogo, na hukitazama kwenye mwanga. Maji huonyesha nyuzi. Upande mmoja zaonekana kama mistari iliyonyoka, na upande zinapoishia zaonekana kama vitone vidogo vingi, ambavyo mafundi huviita macho ya ndege. Bori nzuri huchorwa ili mistari isimame ubavuni na macho yakae juu na chini. Hapo huchora umbo la kiko kwa kalamu ya risasi juu ya ubavu wa kipande, pamoja na mistari miwili ambayo hatakiwi kuipoteza, yaani mstari wa katikati ya bori na mstari wa njia ya moshi.

Kutoboa ndiko kunakoamua kama kitu hicho kitakuwa kiko au pambo la kuwekwa juu ya kabati. Matundu ni matatu. La kwanza ni shimo la tumbako, lenye upana wa milimita 19 au 20 na kina cha milimita 40 hivi, na mwisho wake ni wa mviringo kama ndani ya yai. La pili ni njia ya moshi, nyembamba, milimita 4, ipitayo katika digali. La tatu ni tundu fupi la milimita 8 mwishoni mwa digali, ambalo shilamu huingizwa ndani yake. Njia ya moshi sharti itokee chini kabisa ya shimo la tumbako, tena katikati. Ikitokea juu, tumbako ya chini haiungui, hukaa imelowa na kunuka. Ikitokea upande, moto hula ukuta mmoja. Keekee ikiingia katika mti huu mgumu hupenda kufuata nyuzi laini na kupotoka. Kwa hiyo kipande hufungwa imara katika jiriwa, na keekee husukumwa kidogo kidogo, hutolewa, na unga hupulizwa nje, tena na tena. Mwenye haraka hulijua kosa lake mara moja, maana tundu halizibiki. Wako wauza miti ambao huuza vipande vilivyokwisha kutobolewa pamoja na shilamu yake, kwa ajili ya wasio na mashine. Na si aibu kuanza na kipande kama hicho.

Shilamu zamani ilikuwa ya pembe, ya mfupa, au ya kaharabu kwa wenye fedha. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 imekuwa hasa ya mpira mgumu, yaani utomvu wa mti wa mpira uliopikwa na kiberiti cha unga hata ukawa mweusi na mgumu kama pembe. Na siku hizi hutumika pia namna za plastiki zenye rangi. Ncha yake iingiayo katika digali sharti ikaze bila kulazimishwa, tena ifike mpaka mwisho wa tundu, maana pakibaki nafasi, maji ya moshi hukusanyika hapo na kiko hulia kama kile cha kifuu, na malio katika kiko kikavu ni aibu ya fundi.

Matundu yakisha, sehemu kubwa ya mti usiotakiwa huondolewa kwa msumeno, na iliyobaki kwa tupa, kwanza yenye meno makubwa, halafu yenye meno madogo. Shilamu huachwa ndani ya digali wakati wa kupiga tupa, ili pale vinapokutana pasiwe na ngazi hata ukipitisha ukucha. Kuta za bori hazipunguzwi kuwa chini ya milimita 6 hivi, kwa kuwa ukuta mwembamba hupata joto hata haushikiki. Unga wa mti huu ni mwembamba kama moshi, na unga wa miti yote ukivutwa siku nyingi hudhuru mapafu na pua. Mwenye busara hujifunga kitambaa au hufanya kazi mahali penye hewa.

Sasa huja jambo ambalo humtia mchongaji majaribuni. Nundu ilikua miaka mingi kati ya mawe, na mara nyingi ilimeza changarawe au ilipata kidonda kidogo kikafunikwa na mti mpya. Kidonda hicho hakionekani kwa nje. Fundi amekwisha kufanya kazi majuma matatu, bori inapendeza, nyuzi zimesimama kama mvua. Anapiga tupa mara moja tu zaidi, na hapo pafumbuka shimo jeusi kama kichwa cha sindano. Anapiga tena ili aliondoe, na shimo lapanuka. Pengine laishia hapo. Pengine kwa kulifuata huja kuona kwamba laelekea katika shimo la tumbako, na hapo kiko hicho kimekufa, hakuna tena la kufanya ila kukitia katika kuni.

Likiwa dogo tu, lisilofika ndani, ana njia kadha. Viwanda vya bei rahisi hulijaza kwa unga wa mti uliochanganywa na gundi, kisha hupaka rangi nzito na vanishi juu, na kiko huuzwa kama kilicho kizima. Mnunuzi haoni kitu siku ile. Lakini kizibo hakinywi rangi kama mti unywavyo, wala hakipanuki kama mti kikipata moto. Baada ya mwaka rangi hufifia, na kizibo hutokeza kama kovu, au huanguka, na mwenye kiko huelewa ya kuwa alidanganywa. Njia ya pili ni kulichora bori lote kwa patasi ndogo, liwe na mikwaruzo kama ganda la mti mzee, na shimo likapotea ndani ya mapambo. Njia ya tatu ilivumbuliwa London: mwaka 1917 Alfred Dunhill aliomba hati ya kuilinda njia ya kupulizia mchanga kwa nguvu juu ya bori, na mchanga huo hula sehemu laini za mti ukaacha zile ngumu zikisimama kama mawimbi. Njia hizi mbili si udanganyifu, maana kila mtu aona kwamba kiko kimechorwa, na bei yake huwa ndogo kuliko ya kiko laini kisicho na doa. Njia ya nne ni kuliacha shimo kama lilivyo. Wapo wachongaji wa jioni waliochagua hiyo, nao humwambia yeyote atakayepewa kiko kwamba mahali fulani pana kovu, na kwamba mti ulilipata kabla hawajazaliwa wote wawili.

Umbo likiwa tayari huanza kazi ya msasa, na hapa ndipo wengi huchoka. Makaratasi ya msasa huitwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa msasa huwa laini. Huanza na namba 120 ili kuondoa alama za tupa, kisha 220, 320, 400, mpaka 600 au zaidi. Kanuni yake ni moja: usishike namba ya pili hata mikwaruzo yote ya namba ya kwanza iwe imekwisha. Atakayeiruka hataona kosa lake kwenye mti mweupe, ila ataliona atakapopaka rangi, kwa kuwa rangi huingia katika kila mkwaruzo na kuuandika kwa wino. Katikati ya namba, bori hupanguswa kwa kitambaa kibichi. Nyuzi fupi zilizolala chini ya msasa husimama zikipata maji, na uso wa mti uliokuwa laini huwa tena kama kidevu ambacho hakikunyolewa. Hungojwa ikauke, ndipo husuguliwa. Baada ya kufanya hivyo mara mbili au tatu nyuzi haziinuki tena. Watu wa pwani na bara waliosugua mipini na vyano kwa majani ya msasa wenyewe, yaani ule mti uliowapa Waswahili jina la karatasi hiyo, walijua kanuni hii bila namba.

Rangi hutiwa kwa ustadi ili ionyeshe nyuzi, si kuzificha. Hutumika rangi iliyoyeyushwa katika spiriti, kwa maana hukauka upesi na hainyanyui nyuzi kama maji. Kwanza hupakwa rangi nzito, nyeusi au ya kahawia. Nyuzi laini huinywa sana, na ngumu huinywa kidogo. Ikisha kukauka, uso wote husuguliwa tena kwa msasa laini hata weusi wa juu utoke; weusi ule ulioingia ndani ya nyuzi laini hubaki, na mistari yote huonekana wazi. Juu yake hupakwa rangi nyepesi, ya dhahabu au nyekundu. Mtu asiyejua hudhani kwamba mistari hiyo imechorwa kwa kalamu. Vanishi haitumiki kwa kiko kizuri, kwa sababu joto huifanya itoke malengelenge, tena huziba vinyweleo vya mti.

Badala ya vanishi hutumika nta. Nta ya nyuki yafaa, lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 63 hivi, na mkono wa mvutaji huiondoa upesi. Iliyo bora ni ile iitwayo karnauba, ambayo hukung'utwa kutoka majani ya mti wa jamii ya mitende uotao kaskazini mashariki ya Brazili. Hiyo huyeyuka penye nyuzi 80 na zaidi, nayo ni ngumu hata haipakiki kwa kidole. Hupakwa kwa gurudumu la kitambaa lizungukalo kwa mashine. Kitambaa hupata moto kwa kusugua, nta huyeyuka, na hutandazwa nyembamba kama pumzi juu ya kioo. Asiye na gurudumu huichanganya na nta ya nyuki akaisugua kwa kitambaa cha sufu na mkono wake, na akivumilia atapata mng'ao unaokaribia ule. Ndani ya bori haitiwi rangi wala nta kamwe. Wengine hupaka humo unga wa makaa uliokorogwa na maziwa ya mgando, ukakauka ukawa ngozi nyembamba nyeusi ya kuukinga mti na moto wa kwanza.

Kazi ikisha hukaguliwa kwa kijiti kimoja tu: waya laini uliovikwa nyuzi za pamba, ule ambao wavuta viko huusafishia. Huingizwa katika mdomo wa shilamu na kusukumwa polepole. Ukipita shilamu, ukapita digali bila kugonga popote, ukatokeza chini kabisa ya bori katikati, matundu yalikutana. Ukikwama njiani, hapana rangi wala nta itakayosaidia. Mchongaji huchomoa shilamu, hutazama ndani ya digali kwenye mwanga wa dirisha, kisha huirudia keekee yake, au huchukua kipande kingine cha mti na kalamu ya risasi.